Mama Planishi

"Bado," alisema Mama Planishi, macho kayafumba.

Alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa basi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa juu ya kitambaa cha pamba, kitambaa juu ya bati, naye alikuwa akikivuta taratibu kutoka kwenye taa kwenda mlangoni, halafu akirudi. Nyuma yake alisimama msimamizi wa karakana na bahasha mkononi. Dereva alikuwa kashasema mara mbili kwamba yeye haoni kitu, gari liko safi, abiria wanamngoja. Mama Planishi hakuwa na desturi ya kubishana na macho ya mtu. Macho, kwake yeye, yalikuwa ya kuvukia barabara. Bati husomwa kwa kiganja, tena kiganja chenye kitambaa katikati, maana ngozi tupu hukwama kwa jasho ikakudanganya. Kitambaa huteleza, na pale palipobonyea, hata kama ni kwa unene wa ukucha, mkono hushuka wenyewe.

Mkono ukashuka. Akachukua kile kipande chake cha chuma kizito, akakiegemeza nyuma ya bati, na kwa mbele akaanza kugonga kwa nyundo ndogo yenye uso uliong'aa kama kijiko. Ti-ti-ti-ti. Haikuwa inapiga ile, ilikuwa inabembeleza. Dereva akaguna, akauliza anafanya nini tena.

"Naplanishi," akajibu, kama mtu anayesema napiga pasi.

Alipomaliza ndipo akapokea bahasha. Barua yenyewe ilikuwa fupi na haikuwa na salamu. Uongozi mpya wa kampuni ya mabasi ulitaka kila fundi awe na cheti cha mtihani wa ufundi ifikapo mwisho wa mwezi. Asiyekuwa nacho angehamishiwa kwenye kuosha mabasi. Msimamizi aliyasema haya huku akiangalia viatu vyake, akaongeza kwamba si yeye aliyeandika. Mama Planishi alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika karakana ile, nyundo nne, makovu yasiyo na hesabu, na cheti hata kimoja hakuwa nacho.

"Kuosha," alisema. Akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, akarudi kwenye basi lililofuata.

Sasa hilo neno. Watu wengi pale karakana walidhani amelitunga mwenyewe, na wengine walidhani ni la kabila fulani la mbali. Ukweli ni kwamba lilikuwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi wa bati, ambacho hata wenyewe wengi hawakijui. Marehemu baba yake, naye fundi bodi, alikuta kitabu chakavu kwenye droo ya meza ya kazi, kisicho na jalada, kimeachwa na mtu asiyejulikana. Kusoma hakujua, lakini picha alizielewa. Katika ukurasa mmoja palikuwa na mkono wenye nyundo ndogo, na mkono mwingine nyuma ya bati, vile vile alivyokuwa akifanya yeye kwa kujigundulia. Alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Akaupeleka ule ukurasa kwa karani, karani akamsomea neno lililokuwa chini ya picha, na tangu siku ile mzee akalichukua likawa lake.

Na alivyolichukua! Hakuliacha kazini. Nyumbani kwake kitanda hakikutandikwa, kiliplanishiwa. Binti aliambiwa aplanishi nywele kabla ya kwenda shule. Mgeni akija na maneno ya ukali, mzee alimwambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, yaplanishi kwanza hayo, ndiyo uniletee." Alipokufa, neno lilirithiwa pamoja na nyundo, na binti yake alilitumia kila siku ya Mungu bila kufikiri, mpaka vijana wa karakana wakambatiza nalo jina. Hakukasirika. Tena akipita getini akaitwa, alitembea amejinyoosha zaidi.

Maana alijua neno lile linasema nini. Kuna kuinua bati lililobonyea, hiyo kila mtu anaweza. Ukishainua, bati linabaki na mawimbi, na hapo mafundi hutengana. Wengi hupaka puti, ule udongo laini wa kuzibia mabonde, wakapiga msasa, wakapaka rangi, na gari likatoka likimeremeta. Miezi sita baadaye puti hupasuka, na kutu huwa imeshatafuna chini kwa chini. Mama Planishi hakuwa na kopo la puti. Hakuwahi kuwa nalo. Yeye aligonga polepole, mamia ya mapigo, maelfu, mpaka bati likalala lenyewe kama lilivyotoka kiwandani. Mwenzake wa meza ya jirani, jamaa mcheshi mwenye kitambi, alitumia puti nyingi kiasi kwamba jina lake hilo hilo likawa Puti. Walitaniana kutwa nzima. Puti alisema mama anagonga bati mpaka linaomba msamaha. Mama alimjibu kwamba magari yake yeye Puti yakinyeshewa yatageuka uji.

Jumapili hiyo binti yake alikuja. Huyu alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini, blauzi nyeupe daima, na mama yake alikuwa akimwita Mwalimu kwa utani ambao haukuwa utani kabisa. Aliposoma ile barua alitoa daftari jipya kwenye mkoba. Mtihani ulikuwa na sehemu mbili: maswali ya mdomo, kwa Kiingereza, na kazi ya mikono. Ya mikono haikumtisha mtu. Mwalimu alikuwa ameazima kijitabu cha chuo cha ufundi chenye maswali na majibu yake, akayaandika kwa herufi kubwa, akaanza kumfundisha mama yake palepale mezani, mchana kweupe, sufuria zikisubiri kuoshwa.

Mama alikuwa mwanafunzi mzuri. Jina la nyundo hii, jina la nyundo ile, kwa nini unavaa miwani, moto ukizuka unafanya nini. Swali la tano liliuliza baada ya kuinua bati lililobonyea fundi hufanya nini ili lilainike. Mama hata hakungoja.

"I planish," akasema, akatabasamu.

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akasema hapana, jibu la kijitabu ni kwamba unapaka puti na kupiga msasa. Mama akasema lakini yeye hapaki puti. Mwalimu akasema mtahini hatajua anapaka au hapaki, yeye aseme tu. Na hilo neno, tafadhali, hilo neno aliache nyumbani. Halimo kwenye kijitabu. Halimo kwenye kamusi ya shule. Watamcheka.

"Wacheke mara ngapi?" mama akauliza. "Nimeshazoea."

"Mimi sijazoea," alisema Mwalimu, na sauti yake ikabadilika.

Hapo ndipo mama alipoambiwa jambo ambalo hakuwahi kulijua kwa miaka ishirini na miwili. Mwalimu alipokuwa na miaka minane, darasani waliambiwa waandike insha kwa Kiingereza kuhusu mama. Akaandika kwamba mama yake huplanishi mabasi, na jioni akirudi humplanishi yeye nywele. Alidhani ameandika vizuri kuliko wote. Mwalimu wao aliusoma ukurasa ule mbele ya darasa kwa sauti ya kuchekesha, akapiga mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, juu ya neno lile mara zote mbili, akauliza kama huko nyumbani kwao wana Kiingereza chao. Mpaka anamaliza shule aliitwa Planishi, na si kwa namna anayoitwa mama. Ndiyo maana leo alikijua Kiingereza kwa kiwango kile. Alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu atakayemsahihisha tena.

Mama ilimuuma. Yeye miaka yote hiyo alikuwa akilitembeza neno lile kama mtu aliyevaa kitenge kipya, kumbe nyumbani kuna mtoto limemchoma. Aliuchukua mkono wa binti yake akauweka katikati ya viganja vyake vigumu.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nitasema puti."

Akalikariri lile jibu. Jumatatu alilikariri akigonga, Jumanne akila, Jumatano akioga. Kila alipolisema lilitoka sawasawa, neno kwa neno, na kila alipolisema lilimkaa mdomoni kama jino la bandia.

Alhamisi wakaenda chuoni watahiniwa wanane, yeye na Puti miongoni mwao, na mwanamke ni yeye peke yake. Mtahini alikuwa kijana msafi mwenye koti jeupe na miwani, mpole, mwenye haraka. Aliwaita mmojammoja kwenye meza, mwongozo wa majibu uko mbele yake, kalamu mkononi. Mama Planishi alijibu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mtahini alikuwa akitia alama za vema bila kuinua kichwa. Likaja la tano.

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limepangwa tayari ulimini. Alimfikiria binti yake na ule mkasi mwekundu, akafungua mdomo alitoe. Ila mikono ilikuwa juu ya mapaja, na aliiona: kiganja kilichokuwa kimesuguliwa na kitambaa miaka thelathini na mmoja, kidole gumba kilichopinda kwa kushika chuma. Angeweza kumdanganya mtahini. Ile mikono ilikuwepo siku zote hizo, ingesemaje ikisikia imepaka puti?

"I planish," akasema.

Mtahini akainua kichwa. Akamwomba arudie, akarudia. Akatazama mwongozo wake, akapekua ukurasa wa pili, akamwuliza kwa Kiingereza anamaanisha nini. Hapo maneno ya kueleza hakuwa nayo. Kiingereza chake chote kilikuwa kimeishia pale. Basi akalisema kwa namna alizokuwa nazo, kwa sauti ya mtu anayetaja majina ya wanawe: kwamba jana aliplanishi, leo anaplanishi, kesho ataplanishi, kwamba baba yake aliplanishi kabla yake. Watahiniwa waliokuwa wakingoja kwenye benchi walianza kucheka chinichini. Puti hakucheka. Puti aliangalia dari.

Mtahini alisema kwa adabu kabisa kwamba jibu hilo hana kwenye mwongozo. Akaandika sifuri, ikaonekana hata kwa aliyekaa upande wa pili wa meza. Ile sifuri ilikuwa kubwa na ya mviringo mzuri. Swali la sita la mfanyakazi kujikinga na vumbi alilijibu vibaya kwa sababu masikio yalikuwa yanamvuma, na la saba pia.

Alipotoka nje alihesabu kwa vidole. Ili asiangukie kwenye kuosha mabasi, kazi ya mikono ilibidi impe karibu alama zote.

Walipewa kila mtu madigadi moja ya gari dogo, lile bati la juu ya gurudumu, mpya, ambayo mtahini mwenyewe alikuwa ameipiga kwa tufe la chuma ili zote zibonyee sawa. Muda saa nne. Mezani palikuwa na nyundo, vyuma, misasa, na kopo la puti kwa kila mmoja, maana mwongozo uliruhusu puti, mradi isizidi kiasi. Mama Planishi alilichukua kopo lake akalisogeza pembeni kabisa, akafungua kitambaa chake cha pamba.

Saa moja haijaisha, wengine walikuwa wameshainua bati na wanapaka. Saa ya pili wakawa wanapiga msasa, vumbi jeupe limetanda, wanapiga soga. Yeye bado. Ti-ti-ti-ti, akafumba macho, akapitisha kitambaa, akafumbua, ti-ti-ti-ti. Kulikuwa na jamaa aliyemaliza na kuketi, akamwuliza kama nyumbani kwake wanalala na kelele hizo. Jasho lilimshuka mpaka kwenye kidevu na hakulifuta, kwa sababu kulifuta kungemwondoa mkono kwenye bati. Alikuwa na hofu, tusidanganyane. Lakini hofu ilibaki mabegani, kwenye mikono haikushuka.

Muda ulipokaribia kwisha, mlangoni alisimama mwanamke mwenye blauzi nyeupe. Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Alimtazama mama yake, akatazama meza, akamwuliza Puti kwa kunong'ona ile ya mdomo imekwendaje. Puti akamwambia yote, pamoja na sifuri, pamoja na vicheko. Mwalimu akashika fremu ya mlango.

Mtahini akapuliza filimbi. Akatoa mfukoni sumaku ndogo, akaanza kupita meza kwa meza akiiweka pale palipokuwa pamebonyea. Bati likiwa chini tu ya rangi au puti nyembamba, sumaku hung'ang'ania. Puti ikiwa nene, huanguka. Kwenye meza ya kwanza ikashika kwa shida. Ya pili ikaanguka. Ya Puti ikaanguka mpaka sakafuni, ikabingirika chini ya meza, naye mwenyewe akainama kumwokotea mtahini, akasema hata yeye asingeng'ang'ania pale. Watu wakacheka, na mtahini akacheka kidogo.

Akafika kwa Mama Planishi. Madigadi ilikuwa tupu, bati kavu, haina rangi wala puti, na mwanga wa dirishani ulikuwa umelala juu yake bila kukatika mahali. Mtahini akaweka sumaku. Ikashika. Akaisogeza, ikashika. Akaizungusha kila upande akitafuta alipopiga na lile tufe lake, halafu akasimama. Akaweka sumaku mfukoni, akavua miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mama," akasema, safari hii si kwa Kiingereza, "nilipiga wapi?"

"Wewe ndiye uliyepiga," akajibu Mama Planishi.

Mtahini alikaa na ile madigadi kwa muda ambao wengine wote hawakupewa. Aliipima, akaipindua akatazama nyuma, akaona alama ndogondogo za nyundo zilizopangana kama magamba ya samaki. Hatimaye akaandika. Alimwambia kwamba sifuri ya swali la tano hawezi kuibadilisha, mwongozo ni mwongozo na yeye si mwenye mwongozo. Lakini ya mikono amempa zote, na ukijumlisha amefaulu, amepita kwa alama tatu. Cheti atakifuata wiki ijayo.

Yule aliyeuliza habari za kelele aliondoka kwenye kiti akaja kuangalia kwa karibu. Mama Planishi alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumapili. Alijisikia mrefu. Angeweza kuwaambia maneno, na pengine walistahili, ila alichofanya ni kushika tena nyundo.

Mtahini akamwambia muda umekwisha, mama, na alama ameshapata.

"Alama ni zako," akasema. "Madigadi ni yangu. Kuna mahali pamebaki."

Mtahini akapapasa, hakupaona. Puti akapapasa, akasema huyu mama sasa anatutafutia ugomvi. Mama Planishi aliinua macho kuelekea mlangoni, kwa binti yake, akamnyooshea kitambaa. Hakujua kama atakuja. Alikuwa amemwahidi puti, na ahadi hakuitimiza, mbele za watu.

Mwalimu akaja. Akapiga magoti na sketi yake nzuri kwenye sakafu ya vumbi, akaweka kitambaa juu ya bati, kiganja juu ya kitambaa. Hakuwahi kufanya hivi hata utotoni, hakutaka. Mama akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akamwelekeza mara moja tu, kisha akamwachia. Mwalimu akafumba macho. Mkono ukaenda mpaka mwisho, ukarudi. Ukaenda tena.

Mkono ukashuka.

Alishtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa. Akaurudisha nyuma, akaupitisha tena palepale, na tena ukashuka.

"Hapa," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ya kusikika mpaka benchi la nyuma. "Paplanishi hapa, mama."

Mama yake akaingiza chuma kwa nyuma, akaanza kugonga karibu kabisa na vidole vya mwanawe. Mwalimu hakuviondoa. Alisikia bati likitetemeka chini ya kiganja, likipanda kidogo kidogo. Mtahini alikuwa amechomoa kalamu na kugeuza mwongozo wake upande usioandikwa. Aliuliza kwa unyenyekevu neno hilo lina herufi gani, na Mwalimu, macho bado kayafumba, akaanza kumtajia moja moja.